Zamu Yangu ya Kuanguka

9 Februari

Wifi yangu Mkunga,

Salamu tele kutoka karakana. Mimi mzima, mkono uliovunjika umeacha kuuma, isipokuwa asubuhi kukiwa na baridi. Natumaini presha yako imetulia na umepunguza chumvi kama ulivyoahidi, ingawa nakujua vizuri sana.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeanza judo.

Cheka umalize, nakusubiri. Haya. Mwezi uliopita niliitwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kushona yale magodoro ya sakafuni ambayo watu wa judo huangukia. Yaliyochanika yalikuwa kumi na moja. Nilikaa pale siku mbili na shazia yangu, ile sindano ndefu ya magunia, na uzi wa nailoni, mgongo nimeegemeza ukutani, na mbele yangu watu wazima wanaangushana. Wifi, wanaanguka! Mtu anabebwa, anapinduliwa, mgongo unapiga chini puu, anapiga kiganja sakafuni, halafu anasimama na kufunga mkanda wake kana kwamba ametoka kuoga. Niliwatazama mpaka nikajichoma sindano.

Unajua nilikuwa namuwaza nani. Kaka yako alianguka kutoka nyuma ya gari akishusha kabati. Kimo cha meza tu, na hakusimama tena. Miaka miwili kitandani. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea na madaktari, mimi kazi yangu ilikuwa kumsugua miguu kwa mafuta ya moto kila asubuhi kabla sijafungua karakana, kwa kuwa uliniambia daktari amesema tusiache, miguu itaamka. Haikuamka, nimonia ikamchukua. Tangu hapo sakafu naiogopa kama mbwa mkali. Nashuka ngazi hatua moja moja, nimeng'ang'ania ukuta. Na mwaka jana nilipoteleza bafuni nikavunja mkono, nililala pale chini saa nzima, si kwa maumivu, kwa woga. Nilijiambia, haya, na mimi ndiyo nimeanza miaka yangu miwili.

Kwa hiyo nilipokata uzi wa mwisho nilimuuliza Mwalimu wao kama wanapokea watu wa miaka hamsini na tisa. Akasema wanapokea yeyote mwenye suruali. Nimeanza Jumatatu.

Sitaki kumpiga mtu. Nataka kujua kuanguka nikainuka, basi.

Yale majibu ya mifupa tuliyopima hospitali ya kwenu Desemba yametoka? Si walisema yatapitia kwako? Nijulishe, maana Mwalimu ameniuliza kama nina tatizo lolote la mwili nikamwambia nangoja karatasi.

Wifi yako,
Fundi


13 Februari

Wifi yangu Fundi,

Barua imefika leo na leo hii najibu, unanijua, kwangu barua hailali. Presha imetulia. Chumvi tuiache.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza na miwani, ya pili bila miwani, nikidhani miwani ndiyo inayonichezea. Judo! Umekosa kwaya? Umekosa kufuga kuku? Wenzako wa umri huo wanashonea wajukuu masweta, wewe unataka kuvaa koti la mkanda ubebwe juu juu na wanaume wasiokuhusu. Kaka yangu angekuwepo angecheka mpaka akohoe, halafu angekwenda kukuangalia, namjua.

Majibu yalitoka. Uko sawa. Wamesema mifupa ni ya umri wako, unywe maziwa, uote jua. Usijisumbue kuwaandikia, wana mlima wa makaratasi pale hata jina lako hawatalipata.

Lakini wifi, fikiri tena. Kutembea nako ni mazoezi. Na huyo mwalimu ni nani? Ametoka wapi? Usije ukawa umeokota tapeli tu.

Wifi yako mwenye wasiwasi,
Mkunga


2 Machi

Wifi yangu Mkunga,

Salamu, na pole kwa wasiwasi. Mimi mzima, ila kuna misuli ambayo nilikuwa sijui ninayo na sasa kila mmoja unanisalimia.

Majibu nimefurahi kuyasikia. Nilimwambia Mwalimu siku hiyo hiyo, kifua mbele, mifupa yangu ni salama kwa karatasi ya hospitali.

Sasa nikueleze. Darasa letu la watu wazima ni Jumatatu na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Tuko wanne. Kuna Karani wa benki anayeomba radhi kabla hajakushika. Kuna Mwalimu wa udereva, mama mmoja mwembamba mwenye mikono kama koleo, na usipoangalia anakukanyaga kwa mguu wa breki. Na kuna Muuza Nyama, kilo tisini na nne, mpole huyo, akizungumza unamsogelea ili umsikie. Koti walilonipa lilikuwa na mabega ya mtu mwingine, nimelifumua na kulishona upya. Sasa wote wanataka niwarekebishie ya kwao.

Wiki tatu hizi najifunza kuanguka nikiwa nimechuchumaa. Kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, kiganja kipige chini kabla ya mgongo. Mara ya kwanza nilikaa nimechuchumaa dakika kumi, mwili unakataa katakata. Mwalimu hakunisukuma. Alichuchumaa na yeye kando yangu akaanza kunipigia hadithi za utoto wake. Kwani unajua amezaliwa mji wenu? Mama yake alikuwa na duka la mikate mkabala na zahanati. Anasema alitoka tumboni ametanguliza miguu, na mama yake humkumbusha hilo mpaka leo. Nikacheka, na nikicheka nikaanguka. Ndiyo ikawa ya kwanza!

Baada ya wiki nne, anasema, nitaanza kuangushwa na wenzangu kwa zamu, kwa kuwa kuanguka kwa kupenda ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuangushwa wakati hujajiandaa. Naogopa na naingoja.

Wifi yako,
Fundi


6 Machi

Wifi yangu Fundi,

Huku salama kabisa. Barua yako nimeifungulia mlangoni nikiwa bado na kiatu kimoja.

Yule mtoto wa mikate! Fundi, ni mimi niliyempokea. Saa kumi na moja nzima mama yake anahangaika, miguu imetangulia, daktari hayupo, na mikono hii hii ndiyo iliyomtoa. Alikuwa wa bluu kama wino. Nilimpiga makalioni akanilalamikia mpaka barabarani kukasikika. Leo anafundisha watu kuanguka!

Basi nimetulia. Ukiwa mikononi mwake uko mikononi mwangu. Endelea wifi, usikose hata siku moja, na uniandikie kila kitu. Nimeona nimtumie na yeye salamu zangu, anwani ya ukumbi nimeipata.

Wifi yako,
Mkunga


20 Mei

Wifi yangu Mkunga,

Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Nyumba ya wageni ya hapa mjini imenipa viti arobaini, kila kimoja kina springi zake na ukorofi wake. Afya njema. Wewe je, na magoti?

NIMEMBWAGA MUUZA NYAMA.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu sioni namna nyingine ya kuandika. Kilo tisini na nne! Nilishika mkono wake na ukosi, nikageuka, nikaingiza kiuno changu chini ya chake kama Mwalimu alivyonionyesha, nikavuta, na yule bwana akapita juu yangu akatua chali. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wiki iliyofuata nikambwaga Karani, kisha Mwalimu wa udereva, na huyo huwa habwagiki. Mwezi uliopita nikapewa mkanda wa njano. Niliuosha na kuupiga pasi, nimeutundika karakana juu ya picha ya kaka yako, nje kidogo ya fremu, asije akauonea wivu.

Zamu yangu ya kuangushwa bado. Kila nikimuuliza Mwalimu anasema tuimarishe miguu kwanza. Sawa, yeye ndiye anayejua.

Lakini wifi, sikiliza kilicho bora kuliko mkanda. Sasa nashuka ngazi katikati, mikono mifukoni. Juzi walileta makabati, wapakuzi wakawa wanavutana, nikapanda nyuma ya gari mwenyewe nikayashusha. Mimi! Nyuma ya gari! Nilisimama pale juu nikamwambia kaka yako kimoyomoyo, unaona? Sijalia hivyo tangu tumzike, na kilikuwa kilio kizuri.

Mwezi ujao kuna mtihani wa mkanda wa rangi ya chungwa.

Wifi yako wa njano,
Fundi


24 Mei

Wifi yangu wa njano,

Hongera, hongera sana. Nimesoma barua yako kwa majirani wote, hata wale wasiotaka kusikia. Magoti yangu yale yale.

Ila nakuomba kitu kimoja, na usinibishie. Kwenye gari usipande. Ngazi shika ukuta. Judo ni ukumbini, nje ni nje. Kaka yangu naye alijiamini. Niahidi, Fundi, tafadhali.

Kwenye mtihani mwambie Muuza Nyama awe mwangalifu na lile goti lake bovu, lisije likamwachia mkiwa katikati. Nitakuwa nakuombea tangu asubuhi.

Wifi yako,
Mkunga


30 Juni

Mkunga,

Salamu. Mimi sijambo. Naamini na wewe hujambo.

Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, ili usiweze kuyageuza.

Siku mbili kabla ya mtihani Muuza Nyama alinipa kochi lake la watu watatu nilivike kitambaa upya. Anaishi ghorofa ya pili. Tulilishusha wawili, yeye juu mimi chini. Nimebeba makochi na watu miaka thelathini, na nakwambia, mtu aliye upande wa pili wa kochi hawezi kukudanganya. Unajua kama anabeba au ameweka mikono tu. Unajua akichoka, unajua akiwaza mambo mengine. Goti lake lilimwachia kidogo kwenye kona, uzito wote ukanijia, nikabanwa ukutani mpaka pumzi ikakatika. Hapo ndipo nilipokutana na kilo zake kwa mara ya kwanza. Nikashangaa. Nilikuwa nimembwaga mara ishirini, na uzito ule sikuwahi kuupata.

Jumamosi kwenye mtihani nikamshika. Nikageuka, nikaingiza kiuno, na yeye akaja juu mwepesi kama mto wa sponji. Nikakumbuka kochi. Kwa hiyo mara ya pili, mbele ya watahini, nilimshika, nikageuka nusu, halafu nikaacha. Nikasimama tu, Mkunga. Sikuvuta. Sikufanya lolote.

Akaanguka.

Alipita pembeni yangu peke yake, akatua chali, akapiga kiganja, na watu wakapiga makofi. Mimi nimesimama katikati ya ukumbi na mikono yangu mitupu.

Nikamuuliza pale pale, wewe umeangushwa na nani? Akakaa juu ya godoro nililolishona mimi, akaanza kufungua mkanda wake na kuufunga tena. Akasema, "Mama, nilikataa mwanzoni. Niliahidi kwa sababu tuliambiwa ungeumia." Mwalimu wa udereva akatazama dari. Karani akaomba radhi, na mara hii alikuwa na sababu.

Mwalimu alitoa barua yako kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Wino wa bluu, mwandiko wako, mistari yako miwili miwili chini ya maneno unayotaka yasisahaulike. Tarehe sita Machi. Siku ile ile uliyoniandikia mimi kwamba umetulia. Naijua kwa kichwa sasa: "Mwanangu niliyekutoa kwa mikono hii, mke wa kaka yangu mifupa yake imekwisha. Hospitali imeandika, karatasi ninayo mimi. Hajui na asijue, itamvunja moyo kabla haijamvunja mwili. Mwache aangushe watu afurahi. Lakini yeye asiangushwe hata mara moja. Sijawahi kukudai kitu, hili nakudai."

Kwa hiyo darasa zima lilijua. Karani wa benki alijua hali ya mifupa yangu, mimi mwenye mifupa sijui. Na goti la Muuza Nyama, mimi sikuwahi kukuandikia habari zake. Nilisoma barua yako ya Mei nikapita. Mwalimu alikuwa anakuletea taarifa yangu kama ya mgonjwa wa wodini.

Nilimuuliza, nafsini mwake ameona ni haki? Akasema, "Mama, bila yule mkunga mimi nisingekuwepo." Na ni kweli. Ulimdai pumzi yake, angelipa nini?

Sasa nikuambie ulichofanya. Nilikuja pale kujifunza kitu kimoja. Kimoja! Ukakitoa hicho hicho, ukaniachia vingine vyote. Nimeshuka ngazi mikono mifukoni. Nimepanda magari. Nimesimama mahali alipoanguka mume wangu, na mifupa iliyokwisha, nikiamini kwamba mwili wangu unajua la kufanya. Haujui kitu. Haujaangushwa hata mara moja. Ungeniacha na woga wangu ningekuwa salama zaidi.

Mkanda wa njano nimeurudisha.

Fundi


4 Julai

Wifi yangu, wifi yangu Fundi,

Nakusalimu kwa machozi. Presha imepanda lakini sikwambii hilo ili unihurumie.

Nakiri. Karatasi ilikuja Januari, nikaisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye kitabu cha sala. Nilitaka kukwambia ana kwa ana ukija Pasaka. Kabla haijafika ukaniletea judo. Ningefanya nini? Ningekwambia acha, ungeacha, ungekaa karakana unaogopa ngazi mpaka kufa. Ningenyamaza kabisa, wangekuvunja kiuno. Nikatafuta njia ya katikati. Ulikuwa na furaha, Fundi. Barua ile ya Mei, uniambie ukweli, kuna mtu amewahi kukupa furaha kama ile tangu kaka yangu aondoke?

Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na minne. Mwenye uchungu humwambii kila unachokiona. Unamwambia sukuma, tunakaribia, hata kama hamkaribii, kwa sababu ukimwambia yote anakata tamaa na mtoto anakufa. Ndivyo nilivyo. Nimezoea kubeba majibu ya watu. Nimebeba ya wengi, hata ya ndani ya nyumba yetu wenyewe, na hakuna aliyekufa kwa kutokujua.

Sina mwingine. Kaka nilikuwa naye mmoja, na kwake nimebakiwa na wewe. Nitukane, lakini andika.

Wifi yako,
Mkunga


21 Julai

Wifi,

Natumaini u mzima. Siku kumi na saba. Postamasta ameanza kutikisa kichwa akiniona bado niko mlangoni.

Hiyo karatasi ya hospitali nimeiambatanisha. Ni yako, nilipaswa kukupa tangu mwanzo. Nimemwandikia na Mwalimu kwamba sina ninachomdai tena.

Niambie tu kama unashika ukuta kwenye ngazi.

Wifi yako,
Mkunga


12 Agosti

Mkunga,

Salamu. Afya yangu sasa naijua mwenyewe, kwa hiyo naweza kuitaja: mifupa imekonda, zaidi kiunoni kuliko mgongoni. Karatasi nilipeleka kwa daktari mwanamke wa hapa. Niliingia peke yangu na nikamwambia aongee na mimi, hakuna mwingine nje. Kuna vidonge, kimoja kwa wiki, nakimeza nimesimama. Kama ningevianza Januari ningekuwa na miezi saba ya dawa mwilini. Hilo naliweka hapa ulione.

Nilimweleza na habari za judo. Hakucheka wala hakunifukuza. Alisema hatari ipo na hanifichi, kisha akaniuliza naanguka kutoka kimo gani na juu ya nini. Nikamchorea. Nimetengeneza godoro langu, sponji ngumu chini, laini juu, unene wa mikono miwili, nimelishona kingo mara tatu. Akasema nianzie magotini, polepole, na nikisikia maumivu nirudi kwake. Nikarudi ukumbini na mkanda mweupe. Niliwaambia wote wanne, karatasi mkononi, mifupa yangu ni hii, anayeogopa kuniangusha aseme sasa aende nyumbani. Mwalimu alitaka kupiga magoti kuniomba msamaha. Nikamwambia asipige magoti, afundishe.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo.

Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi. Kuna mahali umesema umezoea kubeba majibu ya watu, hata ya ndani ya nyumba yetu. Mara ya kwanza nilipita kama nilivyopita goti la Muuza Nyama. Mara ya pili nikasimama.

Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mgonjwa mmoja.

Kila asubuhi, miaka miwili, nilichemsha mafuta nikamsugua miguu kuanzia vidoleni mpaka mapajani, saa nzima, kwa sababu wewe ulitoka chumba cha daktari ukaniambia itaamka. Nikiona kidole kimetikisika nakimbilia kukuandikia. Na wewe unajibu, endelea wifi, usikose hata siku moja. Maneno hayo hayo uliyoniandikia kuhusu judo, niliyaona, nikatafuta barua za zamani nikazilinganisha. Kuna asubuhi moja kaka yako aliniambia, pumzika mke wangu, mikono yako itachoka bure. Halafu akageukia ukutani. Mimi nikadhani ananionea huruma.

Kwa hiyo nakuuliza, na sitaki maelezo wala habari za wenye uchungu. Daktari alikwambia kwamba hatatembea tena, ndiyo au hapana? Na yeye alijua?

Nijibu haraka kama kawaida yako.

Fundi


30 Septemba

Mkunga,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nasema hivyo kwa dhati, sikutakii baya lolote.

Wiki saba. Maisha yetu yote, barua yangu ikikufikia Jumatatu, Ijumaa majibu yako yako hapa mezani, yanatoka jasho. Hata siku ya kumzika mama yako uliniandikia, ukajibu swali langu la mto wa kiti. Nilimuuliza mjukuu wa jirani yako kwa simu. Anasema hujambo, unaota jua barazani.

Basi nimeelewa.

Jana Mwalimu alisema zamu yangu imefika. Muuza Nyama alinishika, akaniuliza kama niko tayari, nikamwambia asiniulize. Tukazunguka kidogo, nikawa nafikiria miguu yangu, na nilipoacha kuifikiria dunia ikaondoka chini. Sikuwa nimejiandaa. Kiganja kilipiga kabla ya mgongo, chenyewe, bila mimi. Nilisikia uzito wangu wote, na wake kidogo juu yake, wa kweli. Hakuna kilichovunjika.

Sikusimama mara moja. Nilibaki chali natazama dari ya ukumbi, mabati na taa moja iliyokufa. Nikamuwaza mume wangu, jinsi alivyotazama dari miaka miwili, na mimi chini kwenye miguu yake nimeinamia mafuta, namwambia leo kimetikisika, umeona? Kama alijua, ndivyo alivyoniangalia. Tungeweza kukaa saa ile tukaongea, Mkunga. Kila asubuhi, saa nzima. Tulikuwa na saa mia saba na zaidi, na mimi nilizimaliza kwenye miguu iliyokwisha kufa, kwa sababu wewe uliona nitakata tamaa. Hukuninyima habari tu. Ulininyima kumuaga.

Wenzangu walidhani nimeumia. Muuza Nyama akanyoosha mkono aniinue, nikakataa, nikageuka ubavu, nikapiga goti, nikasimama.

Ngazi nashika ukuta, kwa kuwa uliuliza.

Hii usiijibu.

Mke wa kaka yako